Kiyoruba na Kimalayalam: lugha iliyopitiwa na mpaka, na lugha iliyochorewa mpaka

Kusini kabisa mwa India, karibu na ncha ambapo nchi kavu inaishia baharini, kuna jumba la kifalme la mbao liitwalo Padmanabhapuram. Liko ndani ya jimbo la Tamil Nadu. Barabara ya kulifikia, kituo cha polisi, vibao vya maduka ya chai, vyote ni vya Tamil Nadu na vimeandikwa Kitamil. Lakini jumba lenyewe ni mali ya serikali ya jimbo jirani la Kerala, ambako watu husema Kimalayalam, na ni Kerala inayolitunza. Ni mfano wa mtu aliyeachia shamba lakini akabakiza makaburi ya wazee wake.

Chanzo chake ni mwaka 1956. India, iliyokuwa na miaka 9 tu ya uhuru, ilichora upya majimbo yake kwa kufuata lugha. Taluka (wilaya ndogo) nne za kusini mwa ufalme wa zamani wa Travancore zilikuwa na Watamil wengi, nao walikuwa wamepigania kwa miaka wasitiwe katika jimbo la Kimalayalam. Wakasikilizwa. Ardhi ikaenda kwa Watamil. Jumba, lililokuwa makao ya wafalme wa Travancore kabla hawajahamia Thiruvananthapuram, likabaki kwa wenyewe.

Sasa vuka Bahari ya Hindi, kata Afrika nzima, utokee Kétou, mashariki mwa nchi ya Benin. Huu ni mji wa kale wa Wayoruba, na mfalme wake huitwa Alaketu. Agosti 1889 Waingereza na Wafaransa walikubaliana mjini Paris kugawana eneo hilo kwa mstari, na Kétou ikaangukia upande wa Wafaransa. Imeko, mji wa jirani wenye asili moja na Kétou, ukaangukia kwa Waingereza na leo uko jimbo la Ogun, Nigeria. Mtoto wa Kétou anafundishwa kuhesabu kwa Kifaransa, binamu yake wa Imeko kwa Kiingereza, na wakikutana msibani wanapeana pole kwa lugha moja ya nyumbani. Mwaka ule wa 1889 hakuna aliyewauliza wenyeji wanasema lugha gani, sembuse kuwabakizia jumba.

Ukiuliza lugha hizi mbili husemwa wapi, jibu la haraka, kwamba Kiyoruba ni cha Nigeria na Kimalayalam ni cha India, si la uongo. Ila linaficha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika kulinganisha lugha hizi: Kimalayalam kilichorewa mpaka wake, Kiyoruba kilipitiwa na mpaka wa watu wengine. Ukilishika hilo, mengi yanayochanganya yanaanza kukaa sawa.

Kwanza tuondoe dhana ya undugu. Lugha hizi mbili hazihusiani hata kidogo. Kiyoruba kiko katika familia ya Niger-Kongo, ile ile yenye lugha za Kibantu, kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa Kiswahili. Myoruba akihesabu hadi tatu anasema ẹ̀ta, na sikio la Mswahili linashtuka kidogo. Kimalayalam ni Kidravidi, ndugu wa Kitamil, Kikannada na Kitelugu. Kinachokiunganisha na Kiswahili si damu, ni bahari. Meza ni mēśa kwao, kwa sababu Wareno walipita kwetu na wakapita kwao. Wakili ni vakkīl, kwa sababu Waarabu na Waajemi walitangulia.

Kuhesabu na kutohesabu

Sensa ya India ya mwaka 2011 ilikuta watu 34,838,819 wanaotaja Kimalayalam kuwa lugha yao ya mama. Ni hesabu ya mpaka mtu wa mwisho, kwa sababu sensa ya India humuuliza kila mtu lugha yake, na imekuwa ikifanya hivyo tangu karne ya 19. Zaidi ya milioni 32 kati yao walikuwa ndani ya Kerala yenyewe, jimbo ambalo watu 97 katika kila 100 husema lugha hiyo.

Ukitafuta namba kama hiyo ya Kiyoruba utapata makadirio tu, mara nyingi milioni 40 na zaidi kidogo. Si uzembe wa watakwimu. Nchini Nigeria idadi ya watu ndiyo inayogawa viti vya bunge na fedha za serikali kuu, na sensa za mwanzo wa miaka ya 1960 zilizua ugomvi mkubwa kati ya kaskazini na kusini. Sensa ya 2006 haikuuliza kabila wala dini kabisa. Kwa hiyo anayesema Kiyoruba kina wasemaji kadhaa, amechukua idadi ya watu wa majimbo fulani, akakisia ni wangapi humo ni Wayoruba, akajumlisha. Ajabu ni kwamba Benin, nchi ndogo zaidi, ndiyo iliyohesabu: sensa yake ya 2013 iliwaweka Wayoruba na jamaa zao wa karibu kwenye asilimia 12 ya wananchi.

Kwa hiyo ukikutana na orodha inayopanga lugha za dunia kwa ukubwa, Kiyoruba kikiwa nafasi hii na Kimalayalam nafasi ile, kumbuka kwamba safu moja imetoka kwa karani aliyebisha hodi mlangoni na nyingine imetoka kwa mtu mwenye kikokotoo. Ni lugha zinazokaribiana kwa uzito. Zaidi ya hapo usibishane na mtu.

Ukanda kati ya mlima na bahari

Jina Malayalam lilikuwa la nchi kabla halijawa la lugha. Mala ni mlima, na sehemu ya pili ina maana ya mahali. Nchi ya milima. (Liandike kwa herufi za Kilatini kisha lisome kutoka nyuma: ni lile lile. Wamalayali, yaani wasemaji wake, hawachoki kumwambia mgeni jambo hili.)

Milima yenyewe ni Ghats Magharibi, ukuta mrefu unaofuata pwani na kufika urefu wa mita 2,695 kwenye kilele cha Anamudi. Upande wa mashariki wa ukuta huo ni Kitamil na Kikannada, upande wa magharibi ni Kimalayalam, na pwani iko hapo chini. Kuna upenyo mmoja mkubwa, wa Palakkad, ambako treni na upepo hupita. Kimalayalam kilikuwa kimoja na Kitamil, na utengano ukaja polepole. Maandishi ya mabamba ya shaba ya karne ya 9 ndiyo hutajwa kuwa ya mwanzo yanayouonyesha. Siwezi kusema mlima ndio uliotenga lugha, kwa maana Watamil na Wamalayali hawakuacha kuvuka. Lakini ukiitazama ramani, ni vigumu kuusahau.

Kerala ina kilomita za mraba 38,863, zaidi kidogo ya nusu ya mkoa wa Morogoro, na mwaka 2011 ilikuwa na watu milioni 33. Kabla ya uhuru ukanda huu ulikuwa vipande vitatu: falme mbili, Travancore na Cochin, na wilaya ya Malabar iliyotawaliwa moja kwa moja na Waingereza kutoka Madras. Mwaka 1949 falme hizo mbili ziliunganishwa. Tarehe 1 Novemba 1956 Malabar ikaongezwa, pamoja na Kasaragod upande wa kaskazini, taluka za Kitamil zikatolewa, na Kerala ikazaliwa. Kila mwaka siku hiyo huadhimishwa. Ni nadra duniani lugha kuwa na siku ya kuzaliwa kwa nyumba yake.

Hata hivyo nyumba hiyo ina nyufa, na nyufa ndizo zinazofundisha. Kasaragod hujiita nchi ya lugha saba. Humo kuna Kikannada na Kitulu, na wasemaji wa Kikannada wana haki zao kama wachache. Ng'ambo ya mpaka, Gudalur katika milima ya Nilgiri ni Tamil Nadu kwa sheria lakini Kimalayalam kimejaa sokoni. Halafu kuna Mahé, kipande cha kilomita za mraba 9 kilichozungukwa na Kerala na bahari. Kilikuwa cha Wafaransa hadi 1954, kwa hiyo mpaka leo kinahesabiwa pamoja na eneo la Puducherry, ambalo liko pwani ya upande wa pili wa India. Watu wake husema Kimalayalam kama jirani zao. Kinachowatofautisha ni kodi. Pombe ni rahisi Mahé, na Wakerala wengi wanaijua njia.

Baharini kuna visiwa vya Lakshadweep. Watu wake, karibu wote Waislamu, husema lahaja ya Kimalayalam iitwayo Jeseri, isipokuwa kisiwa cha kusini kabisa, Minicoy, ambacho lugha yake ni ya Maldivi.

Nchi isiyo na ukuta

Upande wa Wayoruba hakuna Ghats. Kuna misitu kusini, mbuga kaskazini, na magharibi ule uwazi ambapo mbuga hushuka hadi baharini kupitia Benin na Togo. Watu walihama, falme zikapanda na kushuka, na lugha ikatambaa kama maji kwenye sakafu isiyo na kizingiti.

Leo moyo wake ni majimbo sita ya kusini magharibi mwa Nigeria: Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti. Juu yake kuna sehemu kubwa ya Kwara na upande wa magharibi wa Kogi. Ramani nyingi za haraka hukosea hapo Kwara. Mji wake mkuu, Ilorin, ni mji wa Kiyoruba kwa lugha; ukishuka kituoni utasikia Kiyoruba. Lakini tangu karne ya 19 una Emir wa ukoo wa Kifulani, Uislamu wake umefungamana na Sokoto, dola ya Kiislamu ya kaskazini, na wakoloni waliuweka katika Nigeria ya Kaskazini. Mtu wa Ilorin anaweza kukujibu kwa Kiyoruba kizuri kwamba yeye ni mtu wa kaskazini, na hajakosea.

Nje ya Nigeria, mashariki mwa Benin, kuna Kétou, Pobè, Sakété, na juu zaidi Savè. Porto-Novo, mji mkuu, nao una Wayoruba wengi. Huko huitwa zaidi Wanago. Nchini Togo, maeneo ya Atakpamé, kuna Waana, ambao lugha yao wenyewe huiita Ifè, na wanaisimu wengi huihesabu kuwa lugha ndugu, si lahaja. Katika delta ya mto Niger kuna Kiitsekiri, kilicho karibu sana na Kiyoruba, lakini Mwitsekiri ukimwita Myoruba utapata somo la historia ambalo hukuliomba.

Basi wapi Kiyoruba kinaishia? Sisi tunaoulizana kama Kingazija ni Kiswahili au ni lugha yake hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Inategemea unamuuliza nani, na lini. Hata jina Yoruba lenyewe halikuwa la wote. Wahausa walilitumia kwa watu wa ufalme wa Oyo. Wengine walijiita Waegba, Waijebu, Waekiti, Waketu. Jina moja la pamoja lilishika katika karne ya 19, na lilishikia mbali na nyumbani.

Kisa chake kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1821 wavamizi wa watumwa waliuteketeza mji wa Osogun. Miongoni mwa waliotekwa alikuwamo kijana wa miaka kumi na kitu aitwaye Ajayi. Aliuzwa mara kadhaa, akapakiwa kwenye meli ya Wareno, na mwaka 1822 meli za kivita za Waingereza zikaisimamisha meli hiyo na kumshusha Freetown, Sierra Leone. Huko alikuta maelfu ya waliookolewa kama yeye, Waegba, Waoyo, Waijebu, ambao nyumbani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe na hapa wakagundua kwamba wanaelewana. Ajayi akabatizwa Samuel Crowther. Mwaka 1843 alichapisha msamiati wa Kiyoruba, akashiriki kutafsiri Biblia, na mwaka 1864 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Kiyoruba sanifu kinachoandikwa leo, kwa kiasi kikubwa, kilianza kutengenezwa na mtu aliyekuwa ameporwa kutoka kwake.

Kwa Kimalayalam kazi ya kamusi ilifanywa na mgeni, Hermann Gundert, mmisionari Mjerumani aliyekaa Thalassery na kuchapisha kamusi yake kubwa mwaka 1872. Sisi wa pwani tuna cha kuongeza hapa. Ludwig Krapf, aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, alitoka Württemberg kama Gundert, na wote wawili walisoma Tübingen. Na chama cha wamisionari kilichomtuma Krapf Mombasa ndicho hicho hicho kilichomtuma Crowther nyumbani kwao. Lugha tatu za pwani tofauti zilipitia mikononi mwa kundi dogo la watu waliokuwa karibu wanajuana.

Lakini si kwamba wamisionari waliwakuta hawaandiki. Waislamu wa Malabar, Wamapila, walikuwa na fasihi nzima ya Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, na Waislamu wa Kiyoruba nao waliandika lugha yao kwa herufi hizo hizo, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika tenzi.

Nani ana serikali

Hapa ndipo tofauti ya mpaka inapouma. Mmalayali ana serikali inayofanya kazi kwa lugha yake, na tangu 2017 Kerala ina sheria ya kulazimisha Kimalayalam kifundishwe katika shule zote za jimbo, hata zile za Kiingereza. Kimo katika orodha ya lugha za katiba ya India tangu mwanzo, na mwaka 2013 serikali kuu ilikitambua kuwa lugha ya kale yenye heshima maalumu. Gazeti la Malayala Manorama limekuwapo tangu 1890, na magazeti ya Kimalayalam hununuliwa kwa mamilioni ya nakala kila siku. Kuna wazazi wengi wanaokimbilia shule za Kiingereza, ndiyo. Lakini wanakimbia kutoka kwenye kitu kilichopo.

Myoruba ana majimbo sita ambayo Wayoruba ndio wengi, na hakuna hata moja lililoundwa kwa ajili ya lugha. Katiba ya Nigeria ya 1999, kifungu cha 55, inasema Bunge la taifa litaendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale maandalizi ya kutosha yatakapokuwa yamefanyika. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Bunge linaendelea kwa Kiingereza.

Si kwamba hakuna aliyewaza njia nyingine. Obafemi Awolowo, kiongozi wa Kanda ya Magharibi, alitetea kwa miaka mingi kwamba Nigeria igawanywe kwa kufuata lugha. Na mwaka 1970, huko Ile-Ife, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianzisha jaribio la kufundisha masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, Kiingereza kikifundishwa kama somo tu. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao, na hata kwenye Kiingereza hawakuachwa nyuma. Jaribio hilo hutajwa kila kwenye kongamano la lugha za Afrika, na kwetu Tanzania na Kenya limetajwa mpaka limezeeka. Mfumo wa shule wa Nigeria haukubadilika kwa sababu yake. Jimbo la Lagos lilipitisha sheria yake ya kulinda Kiyoruba mwaka 2018, na Lagos ndipo lugha hiyo inaposukumwa zaidi na Kiingereza cha mitaani.

Mpaka umegusa hata herufi. Nigeria huandika ẹ, ọ na ṣ, yaani kitone chini ya herufi. Benin, katika alfabeti yake ya lugha za taifa, ilichagua ɛ na ɔ. Sauti ni ile ile. Na juu ya herufi kuna toni tatu, ambazo si mapambo: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Simu nyingi haziweki alama hizo vizuri, kwa hiyo mke anayeandika haraka kwamba anamngoja ọkọ anaweza kuwa anamngoja mume au basi. Muktadha ndio unaomwokoa.

Waliotoka kwa pingu

Ufalme wa Oyo ulipovunjika mwanzoni mwa karne ya 19, vita vilijaza masoko ya watumwa ya pwani, na Wayoruba wakapelekwa kwa wingi Kuba na Bahia, Brazil. Walifika wakati biashara hiyo inakaribia mwisho, wakiwa wengi kwa mara moja, na nadhani hilo ndilo lililoifanya lugha yao isipotee haraka kama lugha za waliotangulia.

Kule Salvador, Bahia, kuna madhehebu ya Candomblé, dini yenye asili ya Afrika, yanayojiita taifa la Ketu. Ndiyo Kétou yetu, mji ulioangukia kwa Wafaransa. Nyimbo zake ni za Kiyoruba, na waimbaji wengi wanajua wimbo unahusu nini bila kuweza kuupanga kuwa sentensi ya mazungumzo. Kuba lugha hiyo huitwa Lucumí. Toni zimekufa, kwa sababu Kihispania hakina toni, na bila toni neno lenye maana tano linabaki na sauti moja. Ṣàngó, mungu wa radi, ameandikwa Changó kwa Kihispania na Xangô kwa Kireno.

Barabarani Salvador wanawake waliovaa nguo nyeupe huuza acarajé. Ni kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kitunguu, zikapigwa mpaka ziwe nyepesi, kisha kijiko kwa kijiko kwenye mafuta ya mawese yanayochemka. Neno hilo ni Kiyoruba: àkàrà ndiyo yenyewe, jẹ ni kula. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam akiiona hatahitaji mkalimani, ni bajia za kunde. Je, Kiyoruba kinazungumzwa Brazil? Kinaimbwa, kinaombewa, kinakaangwa. Kuzungumzwa ni kitu kingine, na ramani zinazoipaka Bahia rangi ya Kiyoruba zinachanganya mambo hayo.

Wasemaji hasa wa ng'ambo ni wa baadaye. Watu wa Ejigbo, jimbo la Osun, wamekuwa wakihamia Abidjan, Ivory Coast, kizazi baada ya kizazi mpaka nyumbani kwao Kifaransa cha mitaani si kigeni. Ghana ilikuwa na wafanyabiashara wengi wa Kiyoruba hadi serikali ya waziri mkuu Busia ilipotoa amri mwaka 1969 kwamba wageni wasio na vibali waondoke, na maelfu wakarudi na walichoweza kubeba. Wa leo wako London, hasa Peckham, na Houston.

Wamalayali nao wana ukurasa wa pingu, ingawa ni mwembamba. Baada ya uasi wa Malabar wa 1921, Waingereza waliwahamishia Wamapila wengi Visiwa vya Andaman, vilivyokuwa gereza la bahari. Waliobaki huko walivipa vijiji vyao majina ya nyumbani: Calicut, Manjeri, Wandoor. Kama Kétou ya Brazil, ila hapa lugha ilifika na familia zake na bado ipo. Wengine walikwenda Malaya kwenye mashamba ya mpira, na miaka ya 1950 Wayahudi wa Cochin waliondoka karibu wote kwenda Israeli, wakabeba Kimalayalam chao mpaka jangwa la Negev.

Waliotoka kwa mkataba

Lakini ng'ambo kubwa ya Kimalayalam ni Ghuba. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilitaka mafundi, madereva, makarani na wauguzi, na Kerala ilikuwa na watu waliosoma wasio na kazi, wenye mazoea ya karne nyingi na Waarabu. Utafiti wa uhamaji wa Kerala wa mwaka 2018 ulikadiria wahamaji milioni 2.1, karibu tisa katika kila kumi wakiwa Ghuba, na Falme za Kiarabu zikiongoza. Kwa jimbo la watu milioni 33 na kitu, karibu kila mtaa una nyumba iliyojengwa na mtu asiyekaa ndani yake.

Kwa hiyo Dubai, Doha na Kuwait unaweza kuishi siku nzima kwa Kimalayalam: mgahawa, duka la dawa, redio, gazeti, ibada ya Ijumaa ya kanisa na hotuba ya msikitini. Kwa idadi, ni lugha kubwa ya miji hiyo. Kwa sheria, si chochote. Viza hufungwa na kazi, kazi ikiisha mtu anarudi, na uraia karibu haupatikani. Mtoto aliyezaliwa Sharjah na kusoma shule ya Kihindi anakijua Kimalayalam cha mama yake, Kihindi cha darasani na Kiarabu cha salamu, kisha akifika umri wa chuo anapelekwa nyumbani ambako hajawahi kuishi. Lugha iko pale miaka 50 sasa, na wasemaji wake hubadilishwa kama zamu.

Anayetaka kuliona hili kwa macho ya Mswahili, aende Muscat. Kule Waomani wenye asili ya Zanzibar husema Kiswahili kati yao, madukani, harusini, kwenye vibaraza vya nyumba zao. Wamalayali nao ni wengi, na Kimalayalam kinasikika kila mtaa. Bwana mwenye duka la vipuri akiongea Kiswahili na nduguye ana pasipoti ya Oman, na watoto wake watazikwa humo. Fundi anayemfungia kisanduku cha gia anaongea Kimalayalam kwenye simu na mkewe aliye Kozhikode, Kerala, wanapanga rangi ya ukuta wa nyumba mpya, na anamwambia zimebaki wiki tatu aombe tena kuongezewa kibali.